Ekseli Iliyowabeba Wafalme Watatu

"Busia, hivi kwa nini gari lako likikata kona linalia kama mbuzi anayepelekwa machinjioni?"

Swali hilo aliliuliza Lurleen Tubbs, jirani wa mlango wa pili, na aliliuliza kama anavyouliza kila kitu, yaani kwa sauti ya kuwafaa viziwi. Hakuwa na ubaya. Walikuwa kwenye foleni ya samaki wa kukaanga, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na foleni bila maneno ni mateso ambayo hata Kwaresima yenyewe haiyadai.

"Likienda mbele limenyamaza," akajibu Busia Halina taratibu. "Likikata kona tu ndipo linalia."

"Basi lipeleke kwa fundi."

"Fundi wangu yuko makaburini, Lurleen."

Hapo ndipo mtu aliyesimama nyuma yao, mwenye sahani tupu na masikio yaliyojaa, alipoacha kuwatazama samaki.

Mtu huyo aliitwa Rollie Mapes. Hakuwa muumini wa kanisa lile, wala la jirani yake. Alikuja kila Ijumaa kwa sababu mbili za kiroho: viazi vya kuongezewa bure, na wajane. Katika mji ule wa kusini mwa Detroit, ambako karibu kila mwanamume aliyezikwa alikuwa ametoka kiwandani, wajane wengi waliachiwa nyumba ya matofali, rozari, na gari la marehemu limefunikwa turubai gerejini. Nyumba na rozari Rollie aliwaachia wenyewe. Hakuwa mtu wa tamaa.

Alijiita mhandisi. Na kweli aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha ekseli, ile mihimili ya magurudumu, akiwa na ufagio. Mtu akifagia miguuni pa mafundi kwa muda mrefu, maneno humwangukia. Rollie aliyaokota maneno yote, akaiacha kazi palepale sakafuni.

Akamgeukia Busia kwa tabasamu lililokuwa limepigwa pasi. "Samahani, Busia, sikukusudia kusikia." Kila mtu pale alimwita Busia, kama Wapolandi wa mtaa ule wanavyowaita bibi zao. "Lakini nikisikia difu linaumwa, moyo wangu hauvumilii. Ni gari la mwaka gani?"

"Sitini na tisa. La marehemu mume wangu, Kazik. Milango miwili, kijani, injini yake ukiiwasha vikombe vinatembea kabatini."

Rollie akameza mate, na wala samaki hakuwa ameiva bado.

Sababu ya mate hayo ilikuwa na jina: Daktari Prentiss Voss, daktari wa meno, mwenye magari ya zamani ya mbio mengi kuliko siku za wiki na asiyeendesha hata moja. Voss alikuwa anatafuta ekseli ya nyuma ya gari kama lile, ya mwaka ule ule, ya kuzaliwa nayo tangu kiwandani, yenye lile difu la thamani, donge la gia la katikati, linalokamata barabara kwa magurudumu yote mawili. Zilikuwa adimu kama ukarimu wake. Rollie alikuwa amemwahidi angempatia, akapokea dola elfu mbili za utangulizi, na kwa kuwa daktari hakuzaliwa jana, alichukua dhamana: hati ya lori la Rollie la kuvutia magari. Akileta ekseli ya kweli, angelipwa elfu nne nyingine. Akileta uongo, lori linakwenda. Lori lile ndilo lilikuwa ofisi ya Rollie, na kitanda chake, na heshima yake yote iliyobaki. Zile elfu mbili zilikuwa zimeshageuka koti la ngozi.

Jumatatu asubuhi lori lilikuwa mlangoni kwa Busia.

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba, safi kama sakristia. Gari lilikuwa katikati. Pembeni zilipangwa sanamu za Krismasi zikingoja Desemba yao: ngamia, malaika mwenye bawa moja, na wale wafalme watatu wameketi juu ya kitu kirefu kilichofungwa blanketi la jeshi lililolowa grisi.

Rollie akaliinua gari kwa jeki mpaka magurudumu yote mawili ya nyuma yakaning'inia. Akalizungusha la kushoto. Hiki ndicho kipimo pekee alichokijua, lakini alikijua vizuri: la pili likizunguka kinyume, ekseli ni ya kawaida, ya kubebea mboga. Likizunguka upande ule ule, difu ni la thamani.

Likazunguka upande ule ule. Likafuata mwenzake kama bibi harusi siku ya kwanza.

Rollie akabaki chini ya gari kitambo, akijifunza upya kuhuzunika. Alipotoka, uso ulikuwa wa daktari anayewaita ndugu wa mgonjwa kando.

"Busia, keti."

"Nimeketi tangu ulipoingia, mwanangu." Kweli alikuwa juu ya kiti cha jikoni, rozari mapajani.

"Limekwisha. Ndani kote. Ungeendesha mpaka kanisani ungebaki njiani, Mungu apishe mbali."

"Nimeliendesha kanisani jana."

"Basi ni muujiza, usiurudie." Akaketi juu ya ndoo. "Sikiliza, nitakupangia bajeti kama ningempangia mama yangu. Ile gia kubwa ya duara na mwenzake mdogo, hizo zinanunuliwa pamoja, huwezi kuzitenganisha, ni kama mke na mume: mia tano. Beringi zote, za ndani na za magurudumu: mia tatu na ushee. Zile sahani ndogo za msuguano, ambazo ndizo zinalia: mia mbili na nusu. Shafti mbili: mia sita. Sili za mpira, mafuta, vipuri vidogo vidogo, mia na hamsini."

"Hapo hatujafika elfu mbili."

"Hatujafika kwa fundi, Busia. Kupanga meno ya gia ni kazi ya unywele. Ukikosea unywele mmoja, linalia zaidi. Kwa bingwa mwingine ungelipa zaidi ya hapo. Kwangu, elfu tatu na mia nane yote pamoja, kwa sababu ya Kwaresima."

Busia akasogeza shanga moja ya rozari. "Kwa nini unafikiri nataka kulitengeneza?"

"Kumbukumbu ya mzee?"

"Kumbukumbu ya mzee ninayo, hailipiwi. Nauza. Kodi ya jengo nimeshindwa kulipa tangu Kazik augue. Kaunti inaitaka kabla ya Pasaka, isipoipata nyumba inapigwa mnada. Kuna mnunuzi. Lakini anataka gari lililo kamili, mpaka chini."

Rollie akatoa leso, akajipangusa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa na kazi ya kuangalia ekseli. "Nitalifanya kamili, Busia. Nitaitoa ekseli nzima, niipeleke kwenye karakana yangu, niirudishe imezaliwa upya."

"Nitakulipa ikisharudi na gari likaacha kulia. Na unirudishie vyuma vya zamani mkononi. Ndiyo desturi. Kazik alikuwa akisema fundi asiyekurudishia vyuma vya zamani hajaweka vipya."

"Mzee alikuwa na hekima," Rollie akasema, na moyoni akaongeza kwamba hekima yake ilikuwa imezikwa pamoja naye. Elfu tatu na mia nane zilikuwa mchuzi tu. Nyama ilikuwa chini ya gari. Lilibaki tatizo moja: akiiba ekseli ile, lazima arudishe nyingine yenye umbo lile lile, na makaburi ya magari hayagawi vyuma kwa sadaka.

Ndipo macho yake yakatua kwa wafalme watatu.

Akanyanyua pembe ya blanketi. Grisi nene iliyokauka, na chini yake, umbo lile lile, upana ule ule. Kuna watu Mungu huwapa neema wakaitambua, na kuna watu hudhani ni bahati.

"Busia, huu ni uchafu gani?"

"Chuma cha Kazik. Aliwawekea wafalme."

"Cha zamani?"

"Cha zamani kweli kweli."

"Hakifai kitu, nakwambia kitaalamu. Hata wauza chuma chakavu watakukataa." Akaguna kwa huruma. "Nikikutolea nikakitupa, kwa kuwa ni wewe, dola ishirini."

Busia akainuka, akaenda jikoni, akarudi na noti ya ishirini kutoka kwenye kopo la chai. "Haya. Kichukue chuma ulichosema hakifai kitu, ukifanyie unavyoona wewe. Ila wafalme uwashushe taratibu. Mmoja ana shingo ya gundi."

Kwa hiyo Rollie Mapes, mhandisi, akalipwa ili achukue mali. Njia nzima aliimba.

Karakana yake ilikuwa banda la kukodi nyuma ya duka la matairi. Ile ekseli aliyoitoa chini ya gari akaifunga vizuri katika turubai, akaiweka mahali pa heshima. Ile ya wafalme akaikwangua grisi. Alipofungua mfuniko wake, gia zilikuwa zinang'aa kama meno ya wateja wa Daktari Voss. Mtu mwingine angesimama akajiuliza. Lakini mwizi ana haraka, na haraka haina muda wa kushangaa. Akafunga mfuniko, akaipaka rangi nyeusi ya kopo kuanzia ncha hadi ncha, akapiga mluzi.

Rangi hiyo aliinunua mwenyewe. Halafu siku ya kuirudisha, Busia akiwa juu ya kiti chake cha jikoni, gharama nyingine zikaanza kumtoka mfukoni moja moja kama jasho.

"Sili umeweka mpya? Mbona hii ina nyufa?"

"Ilikuwa ndiyo naenda kuibadilisha, Busia." Akaenda dukani, akanunua.

"Mafuta ni ya difu lenye sahani za msuguano? Kazik alikuwa akiyawekea na kichupa kile kidogo cha dawa."

"Kichupa, ndiyo, nimekisahau garini." Akaenda tena dukani. Kichupa kile kilikuwa na bei ya manukato.

"Na boliti zile zimeota kutu, mwanangu. Mnunuzi ataziona."

Boliti mpya. Rollie alikuwa anafanya kazi ya haki, kwa pesa yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, na hakujua. Adhuhuri Busia alimletea supu ya shayiri, akakiombea chakula kwa sauti, akaiombea na mikono ya fundi. Alipomaliza kufunga, bibi akainama, akapitisha kidole chini ya ekseli, mahali fulani karibu na difu, kama anayetafuta vumbi. Kidole kikasimama. Kikapapasa kidogo juu ya rangi. Kisha Busia akapiga ishara ya msalaba.

"Unamshukuru nani?" Rollie akatania.

"Aliyekuleta."

Wakaliendesha kuzunguka mtaa, Busia kwenye usukani, mgongo wima. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kimya. Lurleen Tubbs, aliyekuwa barazani na sigara yake, akapaza sauti: "Mbuzi amekufa?"

"Amezikwa," Busia akajibu dirishani.

Rollie akafurahi kama mwenye stahili. Hakujiuliza kwa nini chuma kisichofaa kitu, ambacho hakukitengeneza hata kidogo, kimeponya gari. Akajua tu kwamba jioni ile turubai lingekuwa kwa Daktari Voss.

Voss aliipokea gerejini kwake, gereji yenye zulia. Akazungusha upande mmoja, upande wa pili ukafuata vilevile. Akatabasamu. Lakini hakutoa zile elfu nne. "Nitaifungua kwanza, nione ndani," akasema. "Kesho nitakuletea pesa mwenyewe."

"Kesho Ijumaa nitakuwa kanisani, Daktari," Rollie akasema kwa unyenyekevu. "Ukumbini chini. Nina malipo mengine ya kupokea huko."

Ijumaa basi, samaki, kachumbari ya kabichi, mikate, na Baba Paroko akizunguka kuuliza kama kuna anayehitaji ndimu. Rollie alikaa mbele ya Busia Halina na koti lake la ngozi. Lurleen alikuwa kando, kwa sababu Lurleen alikuwa kando ya kila jambo.

"Gari halilii, Busia."

"Halilii, namshukuru Mungu."

"Basi ile elfu tatu na mia nane."

"Iko ndani ya mkoba." Busia akaupapasa mkoba bila kuufungua. "Vyuma vya zamani viko wapi?"

"Vyuma gani?"

"Vya zamani. Gia ulizozitoa, beringi, shafti. Tulikubaliana."

"Busia, vilikuwa vimeoza, nilivitupa kwa huruma. Ungeviona usingelala."

"Nalala vizuri, Rollie. Hakuna vyuma, hakuna pesa."

"Jamani, bibi wa watu, baada ya jasho lote lile? Niliweka hata kichupa cha dawa."

"Nilikuona," Busia akasema. "Nilikuona ukiweka kila kitu."

Rollie alikuwa anavuta pumzi ili aanze hotuba, na hotuba ingekuwa nzuri, kwa maana alishapanga mahali pa kulia. Lakini meza ikatetemeka. Daktari Prentiss Voss alikuwa amesimama juu yao, koti zuri lina doa la mafuta kifuani, na alikuwa ameweka kati ya siki na kikapu cha mkate donge la chuma lenye ukubwa wa kichwa cha kabichi.

"Hili," akasema kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wafungue midomo, "ndilo difu la thamani?"

Rollie akalitazama. Gia ndogo za ndani, ambazo zinapaswa kuzunguka kila moja kwa raha yake, zilikuwa zimechomelewa pamoja, kiraka juu ya kiraka, kama uji ulioganda.

"Limechomelewa," Voss akaendelea. "Ujanja wa vijana wa mashindano wasio na pesa. Ndiyo maana magurudumu yanazunguka pamoja. Hayawezi kufanya vinginevyo. Gari lenye kitu hiki likikata kona tairi zinaburuzwa zinalia. Mtoto yeyote wa mji huu anajua. Hukusikia kama lilikuwa linalia kwenye kona?"

Lurleen akashusha uma. "Mimi niliuliza," akasema. "Niliuliza hapa hapa, foleni nzima ikanisikia. Na huyu alikuwa nyuma yangu."

Busia alikuwa ameshavaa miwani. Akainama juu ya lile donge, akaligusa kwa upole kama kichwa cha mjukuu. "Rollie, kumbe hukuvitupa. Si hivi vyuma vyangu vya zamani?"

Watu wa meza za jirani wakaacha kutafuna.

Na hapa tumhurumie kidogo Rollie Mapes, kwa maana ni mara chache ulimi wake kukosa pa kupita. Akisema ndiyo, ni vyako, basi amekiri mbele ya paroko kwamba alitoa ekseli ya mjane na kumuuzia daktari. Akisema hapana, si vyako, hakuna vyuma, na hakuna pesa. Akatafuta neno la tatu. Lugha nzima haikuwa nalo.

"Vyako kivipi, mama?" Voss akauliza.

"Vilikuwa kwenye gari langu mpaka Jumatatu. Kazik alivichomelea mwenyewe, mimi nilimshikia taa. Gari lilipokuwa jipya aliitoa ekseli yake ya kuzaliwa, akaipaka grisi, akaifunga blanketi ili isichakae, akaliwekea gari hii ya kuchezea. Watu wa mji huu ndivyo wanavyofanya, wewe unajua. Kilicho kizuri kinawekwa, kibaya kinatembelewa."

Voss alijua. Alifumba macho. "Na ile ya kuzaliwa iko wapi sasa?"

"Chini ya gari. Rollie aliirudisha. Ina namba zake za kiwandani pale chini ya difu, nilizipapasa kwa kidole, ingawa amezipaka rangi ya kopo."

Daktari akatoa sauti ndogo, ile wanayotoa wagonjwa wake. "Niuzie gari, mama. Sema bei."

"Mnunuzi wangu kutoka mji wa Toledo anakuja kesho, tumeshakubaliana. Alisema bila ekseli yake ya kuzaliwa hanunui. Na mafundi wote niliowauliza, bei ya kuirudisha ilinishinda. Kila nikipanga bajeti, haitoshi." Busia akavua miwani, akaifuta. "Nikasali novena, Mungu aniletee fundi wa bei nafuu. Sikumwambia awe mwema. Hilo nilisahau."

"Uliniambia ni uchafu," Rollie akalalamika.

"Wewe ndiye uliyesema uchafu. Mimi nilisema ni chuma cha Kazik. Ukauliza ni cha zamani, nikasema ni cha zamani kweli kweli. Ni Kwaresima, mwanangu, siwezi kusema uongo."

Lurleen alikuwa anacheka bila kutoa sauti, mabega yanaruka. Baba Paroko alikuwa amegeukia ukuta kwa heshima, akiusoma mpango wa Njia ya Msalaba kama vile ni mpya.

Voss akanyoosha mkono, kiganja juu. "Ufunguo wa lori. Hati ninayo."

"Daktari, tuzungumze kama waungwana..."

"Ufunguo."

"Na mimi," Busia akasema, akisogeza sahani ya samaki karibu na Rollie ili isipoe, "nakudai zile dola ishirini. Nilikulipa ukitupe kile chuma. Hukukitupa."

Nje kulikuwa na ile theluji ya Machi yenye matope, na katika mji ule ulioishi kwa kutengeneza magari, hakuna mtu aliyetembea kwa miguu isipokuwa mlevi au mwenye toba. Rollie alitazama dirisha dogo la juu, akatazama samaki, akatazama lile donge la chuma katikati ya meza. Akaweka ufunguo mbele ya daktari na noti ya ishirini mbele ya Busia, akafunga vifungo vya koti la ngozi mpaka shingoni, akapanda ngazi, akatoka kwa miguu.